Saa, Mhuri na Baiskeli: Jinsi Safari Ndefu Inavyothibitishwa

Katika kata ya Zagayu, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo ipelekayo pamba kwenye kituo cha ununuzi, mahindi mashineni, mgonjwa zahanati na mwanafunzi shuleni. Mwendeshaji wa huko hana mtu wa kumwandikia saa ya kuondoka wala ya kurudi. Akifika, amefika, na akichelewa kwa sababu ya mvua na udongo mweusi wa mbuga, hakuna amwambiaye kwamba safari yake haikuwa safari.

Nilipokuwa likizo nyumbani Zagayu, alinijia kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu, asomaye kidato cha tatu katika shule iliyo mbali na hapo. Baada ya kunipa shikamoo na kuketi, aliniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Baba mdogo, mtu akiendesha baiskeli kilomita 60, akafika dakika 9 baada ya muda kwisha, je, safari ile ameifanya au hakuifanya?"

Kumbe halikuwa swali la kubuni. Shuleni kwao walikuwa wameandaa safari ya baiskeli ya kilomita 60 katika barabara ya vumbi. Haikuwa mbio, kila atakayemaliza kwa muda usiozidi saa 4 angepewa cheti. Njiani kijana huyu alimkuta mzee aliyeanguka na mzigo wake, mguu ukitoka damu. Alisimama, akamfunga jeraha kwa shati, akangoja hadi watu wa karibu walipokuja kumchukua. Alipofika mwisho, saa ilikwisha pita, naye akanyimwa cheti. Lililomuuma zaidi ni kwamba wenzake wawili waliokata njia kupitia mashambani, wakapunguza kilomita kadhaa, walipewa vyeti vyao. Katikati ya njia hapakuwa na mtu wa kuwaona.

Nilimwomba anipe siku mbili nitafakari. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa walimu na wanafunzi wote ambao siku moja watataka kuandaa safari ya namna hiyo.

Mashindano yasiyo na mshindi

Mchezo wa kuendesha baiskeli mwendo mrefu kwa kikomo cha muda una historia ndefu. Mwaka 1891 mwandishi wa magazeti Pierre Giffard aliandaa mbio kutoka Paris hadi mji wa Brest, magharibi ya mbali ya Ufaransa, na kurudi Paris: umbali wa kilomita zipatazo 1,200. Mshindi, Charles Terront, alitumia saa 71 na dakika kadhaa. Mwaka 1897 kundi la Waitalia waliendesha kutoka Roma hadi Napoli, kilomita zipatazo 230, kati ya mapambazuko na usiku. Waliitwa "audax", neno la Kilatini lenye maana ya mtu jasiri.

Kutokana na ujasiri huo kilizaliwa mwaka 1904 chama kiitwacho Audax Club Parisien. Tangu mwaka 1921 chama hicho huandaa safari ambazo kila mtu huendesha kwa mwendo wake mwenyewe, mradi asivuke mipaka ya muda iliyowekwa. Safari hizo huitwa breve, kwa neno la Kifaransa lenye maana ya cheti. Umbali wake wa kawaida ni kilomita 200, 300, 400, 600 na 1,000. Mwaka 1983 vyama vya nchi mbalimbali viliunda umoja wao, Les Randonneurs Mondiaux. Ile safari ya Paris–Brest–Paris nayo haiandaliwi tena kwa wanariadha wa kulipwa. Leo ni ya waendeshaji wa ridhaa, nayo hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya mwaka 2023 ilianzia mji wa Rambouillet ikiwa na waendeshaji zaidi ya 6,000.

Msomaji azingatie jambo moja. Katika breve hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Aliyetumia saa 8 na aliyetumia saa 13 hupata uthibitisho ule ule. Kwa hiyo saa katika mchezo huu ina kazi tofauti na ile iliyo nayo katika mbio za mita 100. Haitumiki kuwapanga watu. Inatumika kuonyesha mipaka ambayo ndani yake safari huhesabiwa kuwa imetimizwa.

Kikomo hukokotolewaje?

Vikomo vya jumla ni hivi: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, kilomita 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, 600 kwa saa 40, 1,000 kwa saa 75. Kwa kilomita 1,200, kikomo kirefu kabisa ni saa 90.

Hesabu yake ni nyepesi. Hadi kilomita 600, kikomo hutokana na wastani wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na nyongeza ndogo kwa umbali wa 200 na 400. Kati ya kilomita 600 na 1,000, mwendo unaodaiwa hupungua hadi kilomita 11.4 hivi kwa saa. Sababu yake imo mwilini mwetu: binadamu hana budi kulala. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walieleza katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo wake kama mtu mwenye kiasi cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Kanuni isiyoacha nafasi ya usingizi ingewaongoza watu mitaroni.

Sasa tuilete hesabu hiyo nyumbani. Barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi ina urefu wa kilomita zipatazo 72. Tuseme tunataka breve ya kilomita 200. Tutatoka Bariadi hadi Lamadi na kurudi Bariadi (144), kisha tutashika barabara ya Maswa kwa kilomita 28 na kugeuka. Jumla ni 200 kamili. Tuanze saa 12:00 asubuhi.

Hapa saa ya Kiswahili inatupa faida ambayo Mfaransa hana. Kwa kuwa sisi tunahesabu kuanzia alfajiri, muda uliopita tangu kuondoka na saa ya ukutani ni namba moja. Kilomita 72 zikigawanywa kwa 15 ni saa 4.8, yaani saa 4 na dakika 48. Na kituo cha Lamadi kitafungwa saa 4:48 asubuhi. Vituo vyote vitakuwa hivi:

Lamadi, kilomita 72: hufunguliwa saa 2:07, hufungwa saa 4:48 asubuhi.
Bariadi, kilomita 144: hufunguliwa saa 4:14 asubuhi, hufungwa saa 9:36 alasiri.
Njia ya Maswa, kilomita 172: hufunguliwa saa 5:04 asubuhi, hufungwa saa 11:28 jioni.
Bariadi, kilomita 200: hufunguliwa saa 5:53 asubuhi, hufungwa saa 1:30 usiku.

Lakini jua halifuati saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Bariadi iko karibu na nyuzi 34. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika 4. Kwa hiyo tofauti ya nyuzi 11 ni dakika 44. Jua la Bariadi huchelewa kwa kiasi hicho, na machweo huwa karibu na saa 12:45 jioni, yakibadilika kidogo kufuata majira. Maana yake, atakayemaliza katika dakika za mwisho ataendesha gizani kwa robo tatu ya saa. Ndiyo sababu taa si pambo katika safari hizi. Asiye na taa hana ruhusa ya kuendesha usiku.

Mtego wa wastani

Wanafunzi wengi hudanganywa na neno "wastani". Tuchukue mfano. Mwendeshaji anakwenda Lamadi kwa kilomita 20 kwa saa, kwani kwa jumla njia yateremka kuelekea Ziwa Viktoria. Kurudi anapanda na amechoka. Mwendo wake ni kilomita 10 kwa saa. Atasema: "Ishirini na kumi ni thelathini, gawanya kwa mbili, nimepata kumi na tano. Nimo ndani ya kanuni."

Hayumo. Kwenda alitumia saa 3 na dakika 36. Kurudi alitumia saa 7 na dakika 12. Jumla ni saa 10 na dakika 48, ilhali kituo cha Bariadi kilifungwa zilipotimia saa 9 na dakika 36. Amechelewa kwa saa 1 na dakika 12, na wastani wake wa kweli ni kilomita 13.3 kwa saa. Kosa lake ni kuugawanya mwendo sawasawa wakati alitumia muda mwingi zaidi katika mwendo wa polepole. Saa za taabu huwa nyingi kuliko saa za raha, nazo ndizo zinazouvuta wastani chini.

Kadhalika, saa haisimami mwendeshaji anaposimama. Mwenye baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, akienda kilomita 18 kwa saa, atahitaji saa 11 na dakika 7 za kukanyaga ili amalize kilomita 200. Atabakiwa na saa 2 na dakika 23 za kula, kunywa, kuziba pancha na kunyoosha mgongo. Mwenye mwendo wa 16 atabakiwa na saa moja tu. Kwa hiyo kikomo hakimlazimishi mtu kwenda mbio; kinamlazimisha kupanga. Wengi wanaoshindwa hushindwa kwa kukaa mno kivulini.

Kwa nini kuna kikomo cha kuwahi?

Msomaji ameona kwamba kila kituo kina pia saa ya kufunguliwa. Kwa kilomita 200 za mwanzo saa hiyo hukokotolewa kwa mwendo wa kilomita 34 kwa saa. Atakayewahi hana budi kungoja.

Fizikia inatueleza maana yake. Nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendokasi. Kutoka kilomita 15 hadi 34 kwa saa, mwendo umeongezeka mara 2.27 tu, lakini nguvu ya kupasua hewa imeongezeka mara 11 na zaidi. Mwendo wa 15 wawezekana kwa mtu mzima yeyote mwenye afya na mazoezi. Kuushikilia mwendo wa 34 kwa saa nyingi ni kazi ya mwanariadha. Basi mtu akitokea Lamadi saa 1:40 asubuhi, ama ameufanya mchezo huu kuwa mbio, ama amepanda lori. Kwa vyovyote vile, kituo hakina mhuri wake kwa wakati huo.

Kazi ya mhuri

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Saa ya mwanzo na saa ya mwisho haziwezi, peke yake, kuthibitisha kwamba njia imepitwa. Zinathibitisha tu kwamba mtu aliondoka na kwamba alirudi. Hao wawili waliokatisha mashambani walikuwa na saa nzuri kuliko kijana wetu.

Kwa sababu hiyo kila mwendeshaji wa breve hubeba kadi. Katika kila kituo kadi hugongwa mhuri na kuandikwa saa ya kufika. Mahali pasipo na msimamizi, mwendeshaji huweza kutakiwa ajibu swali ambalo jibu lake liko pale tu, mathalani namba iliyoandikwa kwenye jiwe la kilomita. Aidha kuna vituo vya siri, ambavyo havitangazwi, na huwekwa hasa pale penye kishawishi cha kukatisha njia. Safari ikiisha, kadi hukabidhiwa kwa waandaaji, huhakikiwa, na matokeo hupelekwa Paris ili yapewe namba ya uthibitisho. Siku hizi kumbukumbu za vyombo vipokeavyo mawimbi ya satelaiti nazo hutumika mahali pengi, lakini fikra ni ile ile.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kwa uchungu. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ulaya, niliendesha safari ya kilomita 200 na kumaliza nikiwa na dakika 50 mkononi. Kadi yangu ilikosa mhuri mmoja, kwani nilikuwa nimepita kituo bila kukiona. Sikuthibitishwa. Nilikasirika, maana nilijua kwa yakini kwamba nilipita pale. Ilinichukua muda kukubali kwamba ujuzi wangu binafsi haukuwa ushahidi kwa mtu mwingine.

Wazee wa Usukuma walilijua hili kabla yangu. Wakulima wa pamba walilalamika kwa miaka mingi juu ya mizani za wanunuzi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walidai upimaji unaosimamiwa na watu wao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Hawakutaka kuambiwa kwamba mpimaji ni mwaminifu. Walitaka kuiona mizani. Kipimo huaminika pale asiyekuwa mpimaji anapoweza kukikagua, na jambo hilo ni kweli kwa robota la pamba, kwa jaribio la maabara na kwa kilomita 60 za vumbi.

Huruma iliyoandikwa

Je, kanuni hizi hazina moyo? Zinao, nao umeandikwa. Kanuni za breve zinamruhusu msimamizi kumpokea aliyekuta kituo cha njiani kimefungwa, iwapo ucheleweshaji ulitokana na jambo lisilotazamiwa na lililo nje ya uwezo wake. Mifano inayotajwa katika kanuni za chama cha Marekani, Randonneurs USA, ni barabara kufungwa na kusimama kumsaidia mtu aliyepata ajali. Uchovu, njaa na baiskeli isiyotunzwa havihesabiwi. Hata hivyo, ruhusa hiyo ni ya vituo vya njiani. Kikomo cha safari nzima hubaki palepale. Katika kilomita 200 mwendeshaji hupata nafasi ya kufidia muda aliotoa kwa mwenzake. Katika kilomita 60 zenye saa 4 tu, nafasi hiyo ni finyu sana, hasa barabara ikiwa ya vumbi.

Shule yetu ilichukua kipande kimoja cha kanuni, yaani kikomo, ikaacha vipande viwili: mhuri wa njiani na huruma iliyoandikwa. Ikawa kali kwa kile kilicho rahisi kupima, na legevu kwa kile kilicho kigumu. Sidhani kwamba walimu walikuwa na nia mbaya. Saa walikuwa nayo mkononi. Barabara ilikuwa mbali na macho yao.

Jibu nililompa

Siku ya tatu kijana alirudi, nikamwambia hivi: "Mwanangu, safari umeifanya. Hilo halibadilishwi na saa ya mtu. Lakini cheti hakisemi kwamba ulisafiri. Kinasema kwamba ulisafiri ndani ya masharti yaliyotangazwa, na masharti yenu hayakuwa na neno juu ya kumsaidia majeruhi. Kuyabadili baada ya safari ni kuwafungulia mlango wote watakaokuja na visa vyao."

"Na wale wawili?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba wale wana karatasi isiyothibitisha kitu, na kwamba kasoro hiyo ni ya waandaaji kabla ya kuwa yao. Hakuridhika, nami sikumlaumu. Tuliketi tukaandika pamoja mapendekezo matatu kwa walimu wake: pawepo vituo viwili vya njiani vyenye mihuri, kimoja kikiwa cha siri penye njia ya mashambani, umbali upimwe upya na muda uongezwe kwa barabara ya vumbi, na dakika alizotumia mtu kumhudumia majeruhi, zikishuhudiwa na watu wawili, zitolewe katika hesabu yake. Sharti hili la tatu halimo katika kanuni za Paris. Lakini shule ya Simiyu haifungwi na Paris, mradi sharti liandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla ya mtu wa kwanza kukanyaga pedali.

Walimu waliyapokea mapendekezo. Cheti hakupewa. Safari iliyofuata aliombwa asimamie kituo cha siri, akakubali. Alikaa chini ya mti tangu asubuhi, mhuri mkononi na daftari magotini. Aliniambia baadaye kwamba aliwaandika wote waliopita, na kwamba mmoja alifika dakika 2 baada ya kufunga. Alimwandikia saa yake kama ilivyokuwa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kokotoa saa ya kufunga kituo kilicho kilomita 105 kutoka mwanzo, ikiwa safari ilianza saa 12:00 asubuhi.

2. Mwendeshaji alikwenda Lamadi kwa kilomita 20 kwa saa. Ni mwendo upi mdogo kabisa utakaomfikisha Bariadi kabla ya saa 9:36 alasiri, ikiwa hasimami kabisa?

3. Pimeni kwa saa na kamba umbali kutoka shuleni kwenu hadi mahali mnapopajua. Je, vikundi viwili visivyoonana vimepata jibu moja? Kama hapana, mtajuaje ni kipi cha kuamini?